Kidonge cha Mtu Mmoja

Habari za kifo chake zilinikuta na kidonge mkononi. Nilikuwa mezani, sahani ya bukari, ugali wetu, mbele yangu, glasi kubwa ya maji pembeni, najiandaa kumeza kama ninavyomeza kila mchana, simu ikalia. Alikuwa mke wake. Alisema neno moja tu, "Ameenda," kisha nikasikia sauti za wanawake zikipanda nyuma yake, na simu ikakatika. Ninyi mnaonisoma kila juma mngependa niwaambie kwamba nililia. Sikulia. Niliogopa. Nilikitazama kile kidonge kiganjani, kwa sababu marehemu alikuwa anakula kidonge kilekile, cha rangi ileile, kutoka dirisha lilelile la hospitali, kwa ugonjwa uleule. Kama yeye amekufa nacho, mimi nakimeza cha nini?

Sasa nimeshasema jambo ambalo sijawahi kulisema katika ukurasa huu. Mmenizoea nikilalamika juu ya vumbi la barabara zetu, bei ya makaa, na majirani wanaowasha jenereta chini ya dirisha langu. Mnajua pia kwamba mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Nikienda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea mgeni huwa nasimama mbali na uzio, ndege isije ikabadili nia ikanifuata. Mbwa mdogo akibweka navuka barabara. Lakini sikuwaambia kamwe kwamba nina kansa ya damu. Niliogopa kuiandika, nikidhani kwamba ikishachapwa gazetini itakuwa ya kweli zaidi kuliko ilivyo kwenye karatasi ya maabara. Leo naiandika kwa sababu marehemu huyu hawezi kuelezwa bila hiyo, na kwa sababu kuna watu huko nje, pengine katika nyumba yako wewe unayesoma, wanaofanya hivi sasa kosa alilolifanya yeye kwa moyo mweupe kabisa.

Tulikutana kwenye benchi la kliniki, pale ambapo wagonjwa wa damu hungoja kuitwa. Kwenye benchi hilo watu hawaulizani ugonjwa. Kila mtu anajifanya amemsindikiza mwingine. Mimi nilikuwa nimeficha uso nyuma ya gazeti, nikisoma makala yangu mwenyewe kwa mara ya tatu, alipokuja mtu mwembamba mwenye sauti nene akakaa karibu yangu, akanichungulia pembeni ya gazeti bila haya yoyote.

"Papa, na weye unakulaka ile?"

"Ile gani?"

"Ile ya kuvimbisha macho."

Nikashusha gazeti. Kope zake zilikuwa zimejaa maji, laini, zimening'inia kama za mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Ndivyo zilivyokuwa zangu pia. Dawa yetu ina tabia hiyo: wengi wanaoitumia huamka asubuhi na macho yaliyovimba, kisha uvimbe unapungua jua linapopanda. Mimi nilikuwa nimewaambia watu kazini kwamba ni mzio wa vumbi. Yeye hakuwa na muda wa kutunga uongo. "Bibi yangu anasema asubuhi niko sawa chura," akaniambia, akacheka mpaka muuguzi akatoka mlangoni kutazama nani anachekea mahali pale. Kuanzia siku ile akaniita ndugu yake wa kidonge, na kila kliniki alinishikia nafasi kwenye benchi kwa kuweka kofia yake ya kufuma.

Alikuwa fundi wa viti vya magari katika mtaa wa Bel-Air, mtoto wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani za babu yake, na ufundi wa ngozi na sindano ulikuwa wa nyumba yao. Gari likifika kutoka mpakani na viti vilivyochanika, yeye ndiye aliyevivua, akavijaza, akavivalisha ngozi mpya mpaka ukadhani gari limetoka kiwandani. Nilizoea kupita pale mchana, nikisingizia kwamba niko njiani. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumtazama. Nilitaka kuona kama bado ana nguvu za kuvuta ngozi, kwa sababu nguvu zake zilikuwa habari njema kwangu. Mtu mwoga anapopata mgonjwa mwenzake huwa anamtumia kama kioo.

Na hapo kwenye karakana yake nilijifunza desturi moja ambayo wote waliomjua wataikumbuka. Saa ya kula ikifika, mashine zilinyamaza, sinia moja kubwa likawekwa juu ya kiti cha nyuma cha gari fulani, na yeyote aliyekuwa karibu alinawa mikono. Hakuna aliyekula pembeni. Siku moja alifika mheshimiwa mmoja na dereva wake, ana haraka, anataka viti vyake sasa hivi, anazungumza Kifaransa cha kutishia. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwelekeza kwenye ndoo ya maji. "Patron, nawa kwanza. Hasira na njaa bikikutana, hapana suluhu." Mheshimiwa alisimama pale kidogo, akatazama huku na huku kuona nani anamjua, akakunja mikono ya koti. Walikula sombe ya majani ya muhogo na samaki kutoka sinia moja, yeye na dereva wake na vibarua, na alipoondoka alikuwa anamwita fundi "kaka." Nilimtania fundi kwamba angepewa mswaki mmoja angewaita watu wa mtaa mzima waje wapige mswaki. Akasema ndiyo, kwa zamu.

Niwaeleze ugonjwa wetu kama daktari alivyotueleza, kwa sababu bila hivyo hamtaelewa nilichokiogopa. Daktari wetu ni mama mwenye subira, anachora kwa kalamu huku anaongea. Alisema ndani ya kila chembe ya mwili kuna nyuzi za jeni, ambazo ndizo zinazobeba maagizo ya jinsi mwili unavyojiendesha. Zamani, watafiti waliokuwa wanachungulia damu ya wagonjwa kama sisi kwa darubini waliona uzi mmoja mfupi kuliko inavyotakiwa. Hawakujua maana yake. Ilichukua miaka mingi, kazi ya watu wengi, kugundua kwamba nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande, na pale vipande vilipoungana vibaya pakazaliwa agizo jipya ambalo halikuwahi kuwepo: zaeni, zaeni, msiache. Chembe nyeupe za damu zikalitii mpaka zikafurika. Walipolijua agizo lenyewe, na mahali linapotoka, ndipo wakatengeneza dawa inayokwenda kukaa palepale na kulinyamazisha. Haiui kila kitu mwilini kama dawa za zamani za kansa. Inafuata kosa moja tu. Kabla ya hapo, alisema, watu wenye ugonjwa huu walikuwa wanazikwa. Sasa wanazeeka.

Mimi nilisikia neno hilo la kuzeeka nikatoka nje nikiwa nusu mtu mwenye furaha na nusu mtu mwenye hofu mpya. Kwa maana nilielewa kwamba maisha yangu yote yamening'inia kwenye kitu kinachoweza kudondoka chini ya kabati. Tangu hapo nimeota ndoto za kupoteza vidonge. Nimeota dirisha la hospitali limefungwa. Marehemu hakuota chochote. Alifurahi tu, akauliza maswali mengi kuhusu jeni, akitaka ajue zinatoka wapi, nani anazitoa, na daktari akamjibu kwa kifupi kwamba tunazipata kwa baba na mama. Watu wengi walikuwa wanangoja nje. Akashukuru, akaondoka.

Baadaye majibu yake ya damu yakaanza kupanda. Yangu yalikuwa yanashuka, yake yanapanda. Siku moja ya joto, mlango wa chumba cha daktari uliachwa wazi, na mimi benchini nikasikia kila neno.

"Papa, sema kweli. Kuna siku unarukaka dawa?"

"Docteur, na Mungu ananisikia, hata siku moja sijaruka. Kila siku ninakunywa."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayedanganya, na daktari alimwamini. Mimi pia nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa. Daktari akamweleza kwamba mara nyingine lile kosa la jeni hubadilika umbo kidogo, dawa ikafika isipate mahali pa kukaa. Kuna dawa nyingine kwa hali hiyo, lakini lazima kwanza damu ipimwe mbali, nje ya nchi, ili ijulikane imebadilika vipi. Damu yake ikapelekwa Luano, ikapanda ndege. Yeye akatoka chumbani akitabasamu, akaniambia damu yake imemtangulia Ulaya bila visa. Nilicheka kwa mdomo tu. Nilikuwa nawaza: huyu hajaruka hata siku moja, na dawa imemwacha. Basi inaweza kuniacha mimi wakati wowote, nikiwa nimefanya kila kitu sawasawa.

Bandama ikamvimba, akaacha kazi ya ngozi, akabaki anaelekeza tu kwa kidole. Majibu ya kutoka mbali yalikuwa bado hayajarudi mke wake aliponipigia simu.

Walimzika siku ileile kama dini yao inavyotaka, nami sikuwahi. Nilikwenda kilioni kesho yake. Turubai lilikuwa limetandazwa nje ya nyumba, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki, na wengine wamekaa kwenye viti vya magari ambavyo wenyewe hawajavichukua, vipya, vinanukia ngozi. Nilipewa kimoja cha mbele, cha dereva. Sijawahi kukaa mahali pazuri hivyo nikijisikia vibaya hivyo. Wazee walisoma dua. Mimi si wa dini yao lakini nilifungua viganja kama wao, na ukweli ni kwamba sikuwa namwombea yeye. Nilikuwa najiombea mimi.

Nilipoinuka kwenda kuwapa pole wanawake barazani, nilionyeshwa dada yake mkubwa, Yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa huku. Alimlea tangu mama yao alipofariki, nami nilikuwa nimesikia habari zake mara nyingi: Yaya wa Kipushi, mjane wa mchimba madini, anayevusha vitenge na sabuni mpakani, mkali kwa maafisa, laini kwa mdogo wake. Alikuwa amekaa mkekani, amejifunga mtandio mweupe. Wanawake wenzake walikuwa wanasema, tazameni jinsi alivyolia, macho yamejaa. Nikainama kumshika mkono, nikamtazama usoni. Macho yale hayakuwa ya kilio. Macho ya kilio huwa mekundu. Yale yalikuwa meupe, na kope zimejaa maji, laini, zinaning'inia. Ni macho ninayoyaona kwenye kioo kila asubuhi ninaponyoa ndevu.

"Salam aleko, papa," akasema. "Weye njo ule wa ku hôpital? Mudogo wangu alikuwa anakusemaka sana."

"Njo miye, Yaya. Pole sana."

"Kuya karibu." Akanivuta mkono mpaka sikio langu likafika mdomoni pake. "Ile dawa, kwako iko inabakia?"

"Dawa gani, Yaya?"

"Ile yenu. Ile ya macho. Ya kwangu inaisha."

Nilichuchumaa pale mkekani, sikujali tena kwamba ni mahali pa wanawake. Akanieleza polepole, bila kuficha, kama mtu anayeeleza jambo jema. Alikuwa na kitu kwenye titi, kigumu kama jiwe, na huko Kipushi waliomtazama walimwambia kinafanana na kansa, aende mjini akapimwe. Hakwenda. Mdogo wake alikuwa tayari na dawa ya kansa. Tena dawa nzuri, ya kisasa, inayofanya watu wazeeke.

"Alikuwa ananigawia nusu," akasema. "Kila siku ya Mungu, yeye nusu, miye nusu. Alikuwa anakata na wembe ya kazi, katikati kabisa, hapana kunionea hata kidogo. Anatuma mu taxi ya Kipushi, ndani ya kitambaa. Nilimuambia, mudogo wangu, kunywa weye. Akasema, Yaya, miye nikule na weye unaniangalia?"

"Lakini Yaya, yako haiko sawa na yake. Yake ilikuwa ya damu."

Akanitazama kama ninavyotazamwa na watoto wangu nikishika simu zao. "Docteur yenu mwenyewe alisema. Ugonjwa iko mu jeni. Na jeni bantu banapewa na baba na mama. Miye na yeye, baba moja, mama moja, tumbo moja. Basi kama yake iko mu jeni, ya kwangu nayo iko mu jeni ile ile. Na macho yangu ikaanza kuvimba sawa ya kwake! Tulifurahi, papa, hapana mchezo. Alinipigia simu asubuhi, akaniuliza, Yaya, umeamuka na macho? Nikasema ndiyo, nimeamuka na macho. Akasema, alhamdulillahi, dawa imeingia."

Niwaambie nilichokisikia moyoni wakati ule, hata kama hamtanipenda. Kwanza niliona nafuu. Nusu! Alikuwa anakula nusu! Basi dawa haikumwacha, yeye ndiye aliyeiacha nusu ya njia, na mimi ninayemeza kizima niko salama. Nafuu hiyo ilidumu kwa muda wa kupumua tu. Kisha nikayatazama tena macho ya mama yule, nikaona kitu cha kutisha kuliko kifo chenyewe: mama ana jiwe linalokua kifuani, na kila asubuhi anajitazama kwenye kioo, anaona kope zimejaa, anamshukuru Mungu kwamba anapona. Madhara ya dawa ya mtu mwingine ndiyo yaliyokuwa yanamzuia kwenda kutafuta ya kwake. Na sasa dawa inaisha, na mtu anayemwomba nyingine ni mimi. Kidonge changu kilikuwa mfukoni mwa shati. Nilikifunika kwa kiganja kama mwizi.

Siku ya kliniki nilimchukua. Alipanda teksi kutoka Kipushi alfajiri, amejifunga mtandio uleule mweupe wa kilioni, na kwenye benchi akakaa palepale ndugu yake alipokuwa anaweka kofia. Daktari alinisikiliza mimi kwanza, kisha akamsikiliza yeye. Alipofika kwenye wembe, daktari aliweka kalamu chini. Nimemjua mama yule kwa muda mrefu, na sikuwahi kumwona akiweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "tulipewa jeni na bazazi, baba na mama, ni kweli. Lakini ugonjwa ya mudogo wako hapana ya bazazi. Alizaliwa muzima. Zile nyuzi zilikatika mu damu yake yeye, akiwa muntu mukubwa, na hapana muntu mungine mu nyumba yenu iko na ile kosa. Dawa yake inatafuta ile kosa tu. Mu mwili yako ilitafuta, haikupata kitu, ikakuvimbisha macho, basi."

Nilidhani Yaya atapinga. Badala yake akasema, kama anayejisemea, "Sawa mawe ya Kipushi." Mume wake alikuwa akimsimulia kwamba zinki na shaba vinatoka shimo moja, vinalala pamoja tangu dunia ianze, lakini ukitaka kuvitoa kila kimoja kina njia yake. Daktari akatikisa kichwa kukubali. Akamweleza kwamba hata kansa za titi si moja: kuna zinazolishwa na homoni za mwili, kuna zenye jeni iliyozidisha kelele, kuna zenye kosa lililorithiwa kweli, na kila moja sasa ina dawa zinazoifuata, au haina bado. Lazima kitolewe kipande kidogo cha lile jiwe, kipimwe, kijulikane jina lake. Mpaka hapo hakuna mtu anayeweza kumwambia ameze nini.

Ndipo akauliza swali ambalo mimi na daktari wote tulikuwa tunaliogopa.

"Basi ni miye nilimuua?"

"Hapana, mama. Ugonjwa njo ilimuua."

"Na ile nusu yangu?"

Daktari hakumdanganya. Alimwambia kwamba dawa ikiwa pungufu ugonjwa hupata nafasi ya kubadilika, na kwamba inawezekana ndivyo ilivyokuwa, na inawezekana pia ungebadilika hata kama angemeza kizima, kwa sababu huwatokea hata wanaomeza kizima. Hataweza kujua. Hakuna atakayejua. Nafuu yangu ya kilioni ikafa pale pale, wasomaji wangu. Kumbe kumeza kizima hakunipi hati ya kuishi. Kunanipa nafasi tu, na nafasi hiyo ni yote niliyo nayo.

Tangu siku ile nimekuwa nikitazama kabati za watu. Kila nyumba ya mji huu ina kopo la dawa zilizobaki. Mtoto wa jirani akikohoa tunamgawia, shemeji akiumwa tumbo tunampelekea, na tunaona tumefanya wema. Desturi hiyo haikutoka kwenye ujinga. Ilitoka kwenye malaria. Mbu mmoja aliuma nyumba nzima, homa ilikuwa moja, na dawa iliyomponya baba ilimponya mtoto. Tulijifunza kugawana dawa kama tunavyogawana sombe, na kwa miaka mingi desturi hiyo ilitubeba. Lakini sasa zimekuja dawa za aina nyingine, zilizoanza na mtu aliyeona uzi mmoja mfupi kwenye darubini na hakuupuuza. Dawa hizi hazijui udugu. Hazijui tumbo moja. Zinajua kosa moja lililo ndani ya mwili wa mtu mmoja, na zikikosa kulikuta zinapita. Ninachoogopa ni kwamba tunaingia katika matibabu haya mapya na adabu zetu za zamani, adabu nzuri kabisa, zile tulizofundishwa na mama zetu, na kwamba watu wema ndio watakaokufa kwanza. Marehemu huyu hakufa kwa uchoyo wala uzembe. Alikufa, kama nusu ile ndiyo iliyomuua, kwa kuwa mtu aliyelelewa vizuri.

Kama unataka kumgawia mgonjwa wako kitu, mgawie siku yako. Panda naye teksi. Mkalie benchini. Mwulize daktari lile swali la pili, ambalo watu wa nje ya mlango wanakunyima nafasi ya kuliuliza, na usitoke mpaka umelielewa jibu. Hivyo vinagawanyika, na havimpunguzii mtu damu.

Kipande cha jiwe la Yaya kimetolewa, nacho kimepanda ndege. Bado tunangoja. Juma hili tulikuwa tena kwenye benchi, yeye kwa kidonda chake, mimi kwa dawa yangu, na saa yangu ya kumeza ikanikuta hapo. Nilifungua chombo cha chakula alichonifungia mke wangu. Bukari na samaki tulikula wote wawili, mkono wake na wangu, kama kwenye sinia la Bel-Air. Macho yake yalikuwa yamepungua uvimbe kwa sababu ameacha zile nusu, na uso uliotoka chini yake ulikuwa uso wa mama aliyelia kweli. Kisha nikatoa kidonge. Nimelelewa vizuri mimi pia. Sijawahi katika maisha yangu kuweka kitu mdomoni mbele ya mgeni bila kusema karibu, na neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalizuia. Niliona haya, na niliogopa kama siku ile ya simu.

Yaya alikiona kidonge. Alikitazama, kilekile, cha rangi ileile. Halafu akachukua chupa ya maji, akaifungua, akaniwekea mkononi, na hakuyaondoa macho yake kwangu nilipokipeleka kidonge mdomoni.

"Yote, papa," akasema. "Meza yote."